Kula Bibo, Korosho Mwachie Mwenyewe: Kijana Mkatoliki, Deni la Bodi na Kodi ya Chumba



Wapendwa vijana wenzangu, somo la leo limetokana na swali. Tulikuwa na kikao cha pamoja cha vijana wa Ruangwa na Nachingwea. Tumemaliza sala ya kufunga, watu wanatawanyika, mwalimu mmoja kijana akanivuta pembeni. "Frateri, naomba nikuulize kitu, ila usinicheke."

Anafundisha Nachingwea, amepanga chumba kimoja, na kila mwezi mshahara wake unakatwa mkopo wa Bodi. Jirani yake, mzee mwenye mikorosho, alimfuata jioni moja mwezi wa nane. Mzee alikuwa na shida ya shilingi 100,000 ya haraka: palizi haijaisha na mjukuu anadaiwa michango shuleni. Akamwambia, "Mwalimu, nisaidie leo, mwezi wa kumi nitakupa kilo 100 za korosho." Yaani kilo moja kwa shilingi 1,000, na kila mtu huku anajua mnadani bei huwa juu zaidi ya hapo.

"Mzee kaja mwenyewe, Frateri, sikumwita. Na hali yangu unaijua. Sasa hiyo nayo ni dhambi?"

Sikumjibu palepale. Mimi sidaiwi na Bodi, sina mwenye nyumba anayenigongea mlango, nalala parokiani na nakula cha parokia. Mtu wa namna hiyo ni rahisi sana kutoa jibu la haraka kwa shida isiyo yake. Nikamwomba siku mbili nikasome na kusali. Niliyoyapata nayaweka hapa kwa ruhusa yake, maana najua wengi wenu mko kwenye viatu hivyo hivyo.

Kabla hujaendelea, chukua Biblia yako usome sehemu tatu: Kumbukumbu la Sheria 23:24-25, Nehemia 5:1-13, na Mathayo 18:23-35.

1. Tukae chini tupige hesabu

Katika Luka 14:28-30 Bwana wetu anazungumzia mtu anayetaka kujenga mnara. Lazima kwanza akae, ahesabu gharama, asije akaishia kwenye msingi na kuchekwa na wapita njia. Watu wa Nachingwea wana ushahidi wa maneno hayo nyumbani kwao. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza mradi mkubwa wa karanga huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yakaletwa, bandari ya Mtwara na reli ya kuja Nachingwea vikajengwa. Lakini mvua, udongo na nguvu za mashine havikupimwa vizuri kabla ya kuanza. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, hasara ikiwa zaidi ya pauni milioni 30. Baadaye hata reli iking'olewa. Karanga zenyewe mpaka leo zinalimwa na mkulima mdogo kwa jembe lake.

Basi na sisi tuanze na hesabu. Tuchukue mfano wa mtumishi wa umma mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 700,000. Mfuko wa pensheni unachukua asilimia 5, yaani 35,000. Bima ya afya asilimia 3, yaani 21,000. Kodi ya mapato inafika kama 49,000. Halafu Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi: 105,000. Jumla ya makato ni 210,000. Mkononi zinabaki 490,000.

Tuendelee kwa mfano huo huo. Chumba ni 40,000 kwa mwezi, lakini mwenye nyumba anataka ya miezi 6 kwa mkupuo, yaani 240,000. Nyumbani unatuma 80,000, kwa sababu hata kabla ya Bodi kuna mama aliyeuza mbuzi ili wewe ufike chuo, na hilo nalo ni deni. Chakula 150,000. Umeme, nauli, bando, zaka na sadaka 90,000. Ukitenga kodi kila mwezi, unabaki na 130,000. Usipotenga, mwezi wa kodi ukifika unakimbilia mikopo ya simu au ile ambayo mtaani tunaiita kausha damu, na jina lenyewe linajieleza.

Kwa hiyo mwalimu wetu hadanganyi. Shilingi 100,000 anayoombwa na mzee ndiyo karibu yote aliyobaki nayo. Nasema hivi mapema ili tusije tukamhukumu kama tajiri anayemnyonya maskini. Ni mdeni anayeombwa na mwenye shida. Ugumu wa swali lake uko hapo.

2. Kula, shukuru

Kijana anayepangiwa kazi huku akitokea mjini mara nyingi hulalamika mwezi wa kwanza, halafu tumbo linamfundisha. Kuna muhogo wa kuchemsha na wa makopa, kisamvu cha karanga, kunde, choroko, mbaazi, njugu mawe na ufuta. Kuna ming'oko, ile mizizi inayochimbwa porini, ukaichemsha ukala na chumvi na pilipili. Maembe yakianza na mabibo yakiiva, hata asiye na hela anakula kitu kitamu. Mshahara wa 490,000 hapa una nguvu kuliko Dar es Salaam, na sababu yake ni jembe la jirani.

Tusione aibu kufurahia. Kufurahia chakula kizuri cha mahali ulipo ni namna ya kumshukuru Mungu, na ndiyo maana tunasali kabla ya kula na baada ya kula. Lakini Kumbukumbu la Sheria 23 inatupa mpaka ulio wazi sana. Ukiingia katika shamba la mizabibu la jirani, unaruhusiwa kula zabibu mpaka ushibe, ila usiweke hata moja chomboni. Ukipita katika nafaka yake, unaweza kukwanyua masuke kwa mkono, ila usipeleke mundu. Wanafunzi wa Yesu walifanya hivyo hivyo katika Mathayo 12. Mafarisayo waliwalaumu kwa sababu ya sabato, wala hakuna aliyewaita wezi.

Huku sheria hiyo nimeiona ikiishi bila kuandikwa. Ukipita shambani ukaokota bibo ukalifyonza, mwenye shamba hakugombezi. Ila korosho yenyewe unaing'oa na kumwachia. Bibo ni ukarimu wake kwako, korosho ni jasho lake la mwaka mzima: ndiyo salfa, ndiyo palizi, ndiyo ada ya watoto na bati la nyumba. Swali la mwalimu tunaweza kuliuliza hivi: katika makubaliano haya, je, anakula bibo au anaweka korosho mfukoni?

3. Kangomba ni nini hasa?

Kwa wasomaji wa mbali nieleze kidogo. Korosho za wilaya hizi zinauzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani. Mkulima anapeleka korosho kwenye chama chake cha msingi, AMCOS. Zinapimwa kwa mizani, zinaingia ghalani, kisha zinauzwa mnadani kupitia chama kikuu. Kwa Ruangwa, Nachingwea na Liwale chama kikuu ni RUNALI, na jina lake limetokana na herufi za wilaya hizo tatu. Hela inakuja baada ya mnada.

Tatizo ni miezi ya kabla ya hapo. Maua yako mtini, ghala la nyumbani limepungua, na shida haisubiri mnada. Hapo ndipo anapoingia mtu wa kangomba: ananunua korosho nje ya mfumo, mara nyingi kabla hazijavunwa, kwa bei ya chini na kwa kipimo anachokijua yeye. Serikali imeipiga marufuku biashara hiyo, lakini njaa ya Agosti huwa haisomi matangazo.

Hebu tupime lile ombi la mzee. Tuseme mnadani bei imefika 2,500 kwa kilo. Kilo 100 ni shilingi 250,000 kabla ya makato. Mwalimu alitoa 100,000, kwa hiyo faida yake ni 150,000 katika miezi mitatu hivi. Hiyo ni asilimia 150. Tena ili auze, atahitaji kupitisha korosho zile AMCOS kwa jina la mkulima fulani, kana kwamba zimetoka shambani kwake. Hapo ameongeza uongo juu ya faida. Na mzee? Mwezi wa kumi atakuwa amevuna, lakini gunia lake moja limekwisha kuwa la mtu mwingine. Kwa hiyo mwaka ujao Agosti atarudi tena kwa mwalimu.

Soma sasa Nehemia 5. Watu wa Yuda waliweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba ili wapate nafaka wakati wa njaa. Wengine walikopa ili walipe kodi ya mfalme. Waliowakopesha walikuwa ndugu zao wenyewe. Nehemia alikasirika, lakini angalia alivyosema: alijitaja na yeye mwenyewe kuwa miongoni mwa waliokopesha fedha na nafaka, akasema jambo hilo liishe, mashamba yarudishwe. Hakuanza kwa kunyooshea kidole, alianza na daftari lake.

4. "Lakini amekubali mwenyewe"

Hapa ndipo mwalimu aliponibana. "Mzee ni mtu mzima, Frateri. Amekubali kwa hiari yake."

Hoja hii tuliipigia kelele sana darasani wakati wa falsafa. Aristotle alitoa mfano wa nahodha anayetupa mizigo baharini wakati wa dhoruba. Je, ametupa kwa hiari? Ndiyo, mkono ni wake. Lakini hakuna mtu mwenye akili timamu anayetupa mali yake bahari ikiwa shwari. Mt. Thoma wa Akwino, alipoandika juu ya riba katika Summa Theologiae, alisema jambo linalofanana: anayekopa kwa riba hutoa ile riba kwa hiari yenye kubanwa na shida, kwa kuwa anahitaji fedha na hapati mtu wa kumpa bila riba. Kukubali kwa mzee kusingekuwepo kama dhoruba isingekuwepo.

Mt. Thoma anaongeza jambo lingine linalotusaidia sana, akizungumzia bei ya haki. Kama wewe muuzaji utapata hasara kwa kukiachia kitu chako, unaweza kuidai hasara hiyo katika bei. Lakini shida ya mwenzako si mali yako. Huwezi kumuuzia kitu usichokuwa nacho. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2409, inaiweka katika amri ya saba: kuchezea bei kwa kutumia ujinga au shida ya mwingine ni kwenda kinyume na haki. Na namba 2269 inatoa onyo kali kwa wenye riba na tamaa ambao shughuli zao zinawaletea ndugu zao njaa na kifo.

Basi jibu langu kwa mwalimu lilikuwa hili: ndiyo, kuna dhambi katika makubaliano hayo. Kumkopesha mzee ni tendo jema. Dhambi inaingia pale bei inapopangwa na njaa yake.

5. Mdeni anapomkaba mdeni

Sasa fungua Mathayo 18. Mtumishi mmoja anadaiwa na mfalme talanta 10,000. Dinari ilikuwa ujira wa kibarua wa siku moja, na talanta moja ilikaribia dinari 6,000. Kwa hiyo deni lile ni kama siku milioni 60 za kibarua. Hakuna maisha ya kulilipa. Mfalme akamhurumia, akalifuta. Alipotoka nje akakutana na mwenzake anayemdai dinari 100, ujira wa siku 100, akamkaba koo.

Zamani nilikuwa najiuliza, huyu mtu alikuwa na roho gani? Nilipomsikiliza mwalimu nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona. Mtumishi yule alisamehewa deni, lakini alitoka pale mikono mitupu. Kusamehewa hakukumwekea hela mfukoni. Nyumbani watoto walikuwa wanasubiri kula vile vile. Nadhani alimkaba mwenzake akiwa na maneno haya kichwani: "Na mimi hali yangu mnaijua."

Tuliokopeshwa tukasoma tunahusika hapa. Zamani deni la Bodi lilikuwa linaongezewa asilimia 6 kila mwaka kwa ajili ya kulinda thamani ya mkopo. Tuseme unadaiwa 12,600,000. Asilimia 6 yake ni 756,000 kwa mwaka. Yule mwalimu wa mfano wetu analipa 105,000 kwa mwezi, yaani 1,260,000 kwa mwaka. Kwa hiyo mwaka wa kwanza zaidi ya nusu ya anachokatwa ingemezwa na nyongeza. Siku ya Mei Mosi mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kufutwa kwa tozo hiyo. Sasa deni hilo hilo linaisha kwa miaka 10. Wengi tulishangilia, na ilikuwa haki kushangilia.

Weka namba hizo pamoja. Asilimia 6 kwa mwaka tuliiona mzigo usiobebeka, tukaomba huruma, tukaipata. Je, tunaweza kumtoza mzee asilimia 150 kwa miezi mitatu na kuiita msaada? Katika mwaka wa Jubilei 2025 Baba Mtakatifu Fransisko aliyaomba mataifa tajiri yasamehe madeni ya nchi zisizoweza kulipa. Sisi hatuna madeni ya mataifa ya kusamehe. Tuna mzee mmoja, gunia moja.

6. Basi tufanyeje?

Somo lisilofika jikoni na sokoni halijaisha. Nashauri haya:

*Kopesha bila faida, au toa.* Kama unaweza, mpe 100,000, irudi 100,000 baada ya mnada. Andikeni, awepo shahidi, si kwa kutoaminiana bali ili urafiki usife. Kama huwezi, toa 20,000 ambazo huzidai tena, uzihesabu kuwa sadaka.

*Kama unataka faida, ingia ubia.* Mt. Thoma anakubali kwamba anayetia fedha yake katika kazi ya mwenzake, hasara ikiwa juu yake pia, ana haki ya sehemu ya faida. Lipia palizi na salfa, mkubaliane mapema mgawo wa mavuno. Ukungu ukipiga maua, mnapoteza wote wawili. Mtu wa kangomba hataki sehemu hiyo ya pili.

*Jengeni kikundi.* Vijana 15 wa jumuiya wakiweka 10,000 kila mwezi, baada ya miezi 6 wana 900,000. Hapo mzee wa Agosti ana mahali pa kwenda, na kijana anayedaiwa kodi ya chumba naye ana pa kukimbilia mbali na kausha damu.

*Tenga kodi siku ya mshahara.* Kabla ya nyama choma, kabla ya bando. Ukiona miezi 6 ni mzigo, mwombe mwenye nyumba kwa heshima akupokee miezi 3. Asiyeomba hajui kama angekubaliwa.

*Usimkimbie Bodi.* Hata wewe uliyejiajiri, nenda ukajieleze, panga kulipa. Marejesho yako ndiyo yanayomkopesha mdogo wako aliye kidato cha sita sasa hivi. Bumu ulilokula wewe lilitoka kwa mtu aliyelipa.

*Nunua kwa bei ya haki.* Nikiri hapa. Siku moja gulioni nilivutana na bibi mmoja juu ya fungu la ming'oko mpaka akanipunguzia shilingi 200. Nikatembea najiona mjanja. Usiku wakati wa kutafakari siku yangu, ile 200 ikanirudia. Alichimba porini asubuhi nzima. Mimi nilikuwa nimekunywa chai ya parokia. Kupatana bei si kosa, lakini jua unapatana na nani.

Mwisho wa habari ya mwalimu

Baada ya siku mbili tulizungumza kwa simu. Alinisikiliza, akanyamaza muda mrefu. Wiki iliyofuata akanitumia ujumbe: amempa mzee 100,000, zitarudi 100,000 korosho zikiuzwa, na mke wa mzee ndiye shahidi. Akaongeza, "Ila roho inauma kidogo, Frateri, nisikufiche."

Nikamjibu kwamba inaruhusiwa kuuma. Jioni ile ile, akasema, mtoto wa mzee alimletea sahani ya kunde mbichi. Alikula akashiba.

Maswali ya kutafakari, peke yako au katika jumuiya

1. Ni deni gani ambalo nimewahi kusamehewa au kupunguziwa, la fedha au la moyo? Nani nimemkaba baada ya hapo?
2. Chakula ninachokipata kwa bei nafuu kinatoka kwa jasho la nani? Namjua kwa jina?
3. Mwezi huu nimetenga kodi, deni na sadaka kabla ya starehe, au nimeviachia vinavyobaki?

Tusali

Bwana Yesu, wewe ulikula mezani kwa watu na ulipita mashambani mwao ukiwa na njaa. Utufundishe kula kwa furaha na kulipa kwa uaminifu. Tunapobanwa na madeni, usiache tumbane aliye chini yetu. Uwabariki wakulima wa Nachingwea na Ruangwa, maua yao yasipigwe na ukungu, mizani isiwadanganye. Utupe leo riziki yetu, na utusamehe kama na sisi tunavyosamehe. Amina.

Mama Bikira Maria, utuombee. Mt. Yosefu Mfanyakazi, utuombee.